Uuguzi wa Jamii kwa Wakimbizi na Waomba Hifadhi Dodoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na wakati mwingine na viongozi wa mitaa wanaotaka kusaidia bila kukosea. Tumeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayotokea mara chache lakini yakitokea yanakukosesha usingizi. Jibu likigusa jambo lililokwisha elezwa, tumetaja namba ya swali badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Mkimbizi na mwomba hifadhi wanatofautianaje?

Mwomba hifadhi amevuka mpaka na kuomba ulinzi, na ombi lake bado halijaamuliwa. Mkimbizi ni yule ambaye hadhi hiyo amekwishapewa. Hapa kwetu mambo hayo yanaongozwa na Sheria ya Wakimbizi ya 1998, na juu yake upo Mkataba wa Geneva wa 1951 pamoja na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969. Huu wa Afrika unamtambua pia anayekimbia vita na machafuko, hata kama hakuna aliyemtafuta yeye binafsi kwa jina.

Muuguzi anahitaji kuijua tofauti hii ili aelekeze watu mahali sahihi. Haibadilishi kipimo wala dozi.

2. Kambi ziko Kigoma. Dodoma inahusikaje?

Ni kweli, Mtendeli ya Kakonko ilipofungwa 2021, kambi zilizobaki zilikuwa Nyarugusu (Kasulu) na Nduta (Kibondo). Lakini Dodoma ipo kwenye reli ya kati na kwenye barabara inayotoka Kigoma kupitia Tabora na Manyoni, na ni makao makuu ya serikali, ikiwemo Wizara ya Mambo ya Ndani ambayo ndiyo yenye Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Kwa hiyo utakutana na mwenye kibali cha kutoka kambini kwa matibabu au masomo, aliyekuja kufuatilia faili lake, mama anayelala kwa ndugu akisubiri basi la kesho yake, na kijana anayefanya kibarua bila karatasi yoyote.

Wote hawa wana shida moja ya kitabibu inayofanana: historia yao ya matibabu imekatika. Kadi imebaki kambini, dawa zimeisha njiani, na vipimo vilivyofanyika Uvira (Kongo) au Makamba (Burundi) hakuna anayeweza kuvisoma. Sehemu kubwa ya kazi yetu ni kuunga pale palipokatika.

3. Na watu wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo?

Hao wengi si wakimbizi tena. Walikuja kutoka Burundi mwaka 1972, na zaidi ya 160,000 miongoni mwao walipewa uraia. Vyeti vilianza kugawiwa 2014. Ni Watanzania wenye haki zote za Mtanzania kwenye dirisha la matibabu. Kumwita mzee wa Ulyankulu mkimbizi baada ya miaka hamsini ni kumtia simanzi bure, na wapo wanaoacha kurudi kliniki kwa neno hilo hilo.

4. Mgonjwa hana kitambulisho wala kibali. Nimhudumie?

Mhudumie. Mgonjwa wa dharura hutibiwa kwanza, maswali ya karatasi yanafuata. Kwa asiye wa dharura pia, andika jina analolitaja, umri, mtaa anakolala na namba ya simu ya mtu wa karibu, basi. Hakuna sehemu ya rejesta inayokutaka uthibitishe uraia ili uandike shinikizo la damu.

Sheria inamtaka mkimbizi akae eneo lililotengwa na atoke kwa kibali. Hiyo ndiyo sababu wengi hujificha na kuja kituoni wakiwa wamechelewa mno: mtoto ana siku nne za homa, kidonda kimeshatoa harufu. Ukimwanzia na "kibali kiko wapi?" hutamwona tena, na ugonjwa wake utabaki mtaani kwako. Mwambie mapema kwamba wewe ni muuguzi, kwamba anayosema ni siri ya matibabu, na kwamba kama anataka kujua hatua za kisheria unaweza kumwelekeza Idara ya Huduma kwa Wakimbizi au UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Uamuzi wa kwenda ni wake.

5. Nani analipa?

Walio kambini hutibiwa bure na mashirika yaliyo huko, na aliyetumwa rasmi kwa rufaa anakuja na barua inayoonyesha nani anagharamia. Isome barua hiyo hadi mwisho. Mara nyingi inataja huduma mahususi tu, na kipimo cha ziada ambacho hakikuombewa idhini kinaweza kumwangukia mgonjwa mwenyewe. Piga simu kwa aliyeandika kabla ya kufanya, usisubiri siku ya kuruhusiwa.

Kwa aliye nje ya utaratibu huo, kumbuka kwamba chanjo, matibabu ya kifua kikuu na dawa za VVU hazitozwi, na sera ya msamaha inawagusa wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wasio na uwezo. Kwa wasio na uwezo, afisa ustawi wa jamii wa kituo ndiye anayepitisha. Mpeleke mgonjwa kwake mkiwa wawili. Akienda peke yake na lafudhi yake anaweza kurudishwa mlangoni kabla hajamaliza salamu.

## Kabla ya ziara na siku ya ziara

6. Nitawapataje bila kuwaanika?

Usitangaze kwamba unatafuta wakimbizi. Fanya ziara ya mtaa mzima: nyumba kwa nyumba kwa ajili ya chanjo, lishe na wajawazito. Mtaa wenye nyumba arobaini ukipitiwa wote, hakuna atakayejua ulikuwa unamlenga nani, na utawakuta wengi ambao hukuwatarajia, Watanzania wakiwemo.

Mwenyekiti wa mtaa na balozi wa nyumba kumi wanajulishwa kwamba ziara ipo. Hawapewi orodha ya nani kaonekana na nini. Viongozi wa dini na akina mama wanaouza mboga na dagaa sokoni huwa wanajua nani kahamia chumba kipi. Kwao peleka ujumbe mfupi kwamba kliniki ya watoto ni bure na haiulizi kibali, kisha waachie wausambaze wenyewe.

7. Mkobani niweke nini?

Utepe wa kupima mkono, kipimajoto, mashine ya presha yenye mikanda miwili (mkubwa na mdogo), mizani ya kuning'iniza, saa yenye mshale wa sekunde, vipimo vya haraka vya malaria 10, glavu jozi 20, chombo cha sindano zilizotumika, ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) pakiti 10, zinki, kadi tupu za kliniki za mtoto na mama, fomu za rufaa, na kitambulisho chako. Ongeza kikombe cha kupimia na chupa ya lita moja, maana nyumba ya mgeni inaweza kuwa na sufuria moja tu.

Joto la Dodoma mwezi wa Oktoba ni adui wa vipimo. Pakiti nyingi za kipimo cha malaria zinatakiwa zisizidi nyuzi 30 au 40 kulingana na aina, soma ubavuni. Boksi lililoachwa ndani ya gari kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana huvuka hapo, na kipimo kinaweza kukuambia hakuna malaria wakati ipo. Chukua vya siku hiyo tu, vikae kivulini.

8. Ziara ya kwanza inaendaje?

Tenga dakika 45 hadi 60 kwa kaya. Ukiwa na haraka, afadhali uende siku nyingine.

Salimia, jitambulishe, omba kukaa. Kaa chini wanapokaa wao, hata kama ni mkekani. Eleza umekuja kufanya nini na nani atayaona maandishi yako. Halafu anza na watoto: kila mzazi anapenda kuona mtoto wake akipimwa uzito, na wakati huo maneno hufunguka yenyewe. Baada ya watoto, mama; baada ya mama, wazee na wanaume. Swali la "mlitokaje huko?" usiliulize kabisa siku ya kwanza. Ukilihitaji kwa sababu ya ugonjwa, uliza njia na tarehe: mlipita wapi, mlilala wapi, mmefika lini.

Kabla ya kuondoka, angalia maji yanakowekwa na choo kilipo. Kaya nyingi za wapangaji hununua maji kwa madumu ya lita 20 na kuyachota kwa kikombe hicho hicho kinachonywewa. Dumu lenye mdomo mwembamba na maji ya kumimina huzuia kuhara kuliko hotuba yoyote.

## Lugha

9. Wengi wanaongea Kiswahili. Mkalimani wa nini?

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa sababu tunadhani tumeelewana. Mwanamume wa Kivu, mashariki mwa Kongo, anaposema "bibi yangu yuko na mimba" anamzungumzia mke wake. Mtoa huduma wa Dodoma akisikia bibi, anamfikiria mama wa mzazi wake na kuona mtu huyu amechanganyikiwa. Kwa Warundi na Wanyarwanda, neno *ejo* ni jana na pia ni kesho. Hivyo "homa ilianza ejo" na "nitarudi ejo" vinahitaji kuthibitishwa kwa jina la siku. *Inzoka* ni nyoka, na pia ni minyoo ya tumboni. Mama akikuambia mtoto ana nyoka tumboni, yeye anaomba dawa ya minyoo na wewe unaweza kuandika kwamba ana imani za kichawi.

Dawa yake ni kumwomba arudie kwa maneno yake: "Hebu nionyeshe utampa mtoto vidonge vingapi, na saa ngapi." Saa ionyeshe kwa jua. Asubuhi jua likichomoza, jioni likizama. Alama za jua na mwezi kwenye bahasha ya dawa bado zinafanya kazi nzuri kuliko "1x2".

10. Nani anafaa kuwa mkalimani?

Mtu mzima, wa jinsia ile ile kama habari ni ya uzazi au ukatili, asiye jirani wa mlango wa pili, na ambaye mgonjwa mwenyewe amemkubali. Muulize mgonjwa faraghani, kwa ishara ikibidi, maana anayetoka kijiji kimoja naye anaweza kuwa wa upande uliomfukuza.

Mtoto asitafsiri. Binti wa miaka 11 anayetafsiri damu ya mama yake anabeba kisichomfaa, na mama ataficha nusu. Mume naye asitafsiri peke yake pale unapouliza habari za mimba, VVU au kupigwa. Ukikosa kabisa mtu, simu yenye spika ya mkalimani aliye kituo kingine ni bora kuliko jirani mbeya.

Mnapoanza, keti ukimtazama mgonjwa, mkalimani akae pembeni. Sema sentensi fupi, moja moja, umwambie mkalimani asifupishe. Mgonjwa akizungumza dakika mbili na wewe ukaletewa "anasema hapana", simamisha na uulize tena.

11. Kadi imeandikwa Kifaransa. Naisomaje?

Vifupisho vichache vinatosha kwa kuanzia. VAR ni chanjo ya surua, VAT ni pepopunda, VPO ni polio ya matone, VIH ni virusi vya ukimwi, TPI ni dawa kinga ya malaria kwa mjamzito, DDR ni tarehe ya hedhi ya mwisho. *Paludisme* ni malaria, *rougeole* ni surua, *grossesse* ni mimba. Majina ya dawa yenyewe hayatofautiani sana na yetu. Piga picha ya kadi kwa ruhusa ya mwenyewe, kisha hamishia taarifa kwenye kadi yetu. Ile ya zamani mrudishie, usiibakize kituoni.

## Magonjwa na huduma za kila siku

12. Homa kwa aliyetoka Kigoma au Kongo: tofauti iko wapi?

Tofauti iko kichwani mwa mtoa huduma. Dodoma ni ya maambukizi madogo ya malaria, kwa hiyo tumezoea kuona homa na kufikiria njia ya mkojo au mafua. Kigoma na Tabora malaria ni nyingi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika pia. Mwenye homa aliyefika kutoka huko apimwe malaria siku hiyo hiyo, awe mtu mzima au mtoto.

Kipimo kikiwa chanya na hakuna dalili za hatari, dawa mseto (ALu) hutolewa kwa uzito: kilo 5 hadi chini ya 15, kidonge 1, 15 hadi chini ya 25, vidonge 2, 25 hadi chini ya 35, vidonge 3, kilo 35 na zaidi, vidonge 4. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Jumla mara sita. Imezwe na chakula chenye mafuta kidogo, hata maziwa au karanga. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi. Mjamzito na mtoto chini ya kilo 5 wapelekwe kwa tabibu kabla ya kumeza chochote.

Kosa la kawaida: mtu alitibiwa kambini wiki mbili zilizopita, leo kipimo cha haraka ni chanya, anaandikiwa dozi tena. Vipimo vingi vya haraka hubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya wadudu kwisha. Hapo hitaji darubini. Na mtoto anayetapika kila kitu, anayeshindwa kunyonya, aliyepata degedege au aliyelegea, hasubiri majibu. Anaondoka kwenda hospitali.

13. Mtoto hana kadi ya chanjo. Nianzie wapi?

Chukulia hajachanjwa, isipokuwa kuna ushahidi. Kovu la BCG (chanjo ya kifua kikuu) litazame mikono yote miwili, maana si kila nchi inachoma upande mmoja. Kurudia chanjo ambayo huenda alishapata hakuna madhara makubwa. Kumwacha bila kinga ya surua kwenye chumba cha watu wanane kuna madhara.

Ratiba yetu inaanza na BCG na polio ya kuzaliwa, kisha wiki ya 6, 10 na 14, surua-rubela miezi 9 na 18. Aliyechelewa anapewa penta (chanjo ya magonjwa matano), polio na nimonia siku hiyo hiyo aliyokuja, sindano zichomwe sehemu tofauti za mapaja, na kurudi kila baada ya wiki 4 hadi zitimie. Surua-rubela akiwa amefikisha miezi 9 apate hapo hapo, ya pili isiwe chini ya wiki 4 baadaye. Usimwambie mama arudi Jumatano ya kliniki. Jumatano anaweza kuwa Morogoro.

14. Lishe napimaje, na namba zinasemaje?

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59: mkono wa kushoto, uning'inie ukiwa umelegea, tafuta katikati ya ncha ya bega na kiwiko, zungusha utepe bila kubana wala kuacha nafasi. Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali. 115 hadi chini ya 125 ni wa kadiri. Halafu bonyeza nyayo zote mbili kwa juu, kidole gumba sekunde tatu. Kikiacha shimo miguu yote, ni utapiamlo mkali hata kama utepe ni kijani (125 na zaidi). Watu husahau miguu kwa sababu mtoto aliyevimba anaonekana mnene.

Mwenye utapiamlo mkali anayekula vizuri na hana homa huhudumiwa kliniki kwa chakula dawa. Asiyeweza kula, mwenye homa au aliyevimba mwili analazwa.

Ushauri wa chakula uendane na kilichopo sokoni kwake. Uji wa uwele au mtama uliotiwa karanga zilizosagwa, mlenda na majani ya kunde, dagaa waliotwangwa, ubuyu. Mama wa Bujumbura hajui mlenda wetu; mwonyeshe unavyopikwa badala ya kuutaja tu. Naye anajua kupika maharage na sombe (kisamvu) vizuri, basi anzia hapo.

15. Kuhara: lini niogope kipindupindu?

Mtu mzima au mtoto wa zaidi ya miaka miwili anayeharisha maji kama ya kuoshea mchele na kuishiwa nguvu ndani ya saa chache, mchukulie kipindupindu na toa taarifa siku hiyo hiyo. Mei 2015, watu waliokimbia Burundi walijazana Kagunga, kijiji kidogo ufukweni mwa Tanganyika, na kipindupindu kikawakuta hapo. Msongamano na maji machafu vilitosha.

Kwa kuhara kwa kawaida: pakiti moja ya ORS kwa lita moja kamili ya maji safi. Mtoto chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, wa miaka 2 hadi 10 apewe 100 hadi 200. Zinki miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafikisha miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Kosa tunaloliona mara nyingi ni pakiti moja kugawanywa kwenye vikombe "ili isiishe haraka" au kukorogwa kwenye nusu lita. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Ndiyo maana chupa ya lita moja ipo mkobani (swali la 7).

16. Ana dawa za muda mrefu lakini zimeisha. Nifanye nini leo?

Swali hili tunaliona kuwa zito kuliko yote katika ukurasa huu.

*VVU.* Asikae siku hata moja ya ziada akisubiri barua ya uhamisho. Muombe chupa tupu au picha yake. Wengi wako kwenye kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovir, lamivudini na dolutegravir, na kliniki zetu za tiba na matunzo (CTC) zinacho. Mpeleke mwenyewe, aandikishwe, apewe dawa, barua itafuatiliwa baadaye. Mfundishe kusema neno moja tu dirishani, "CTC", ili asilazimike kueleza mbele ya foleni.

*Kifua kikuu.* Matibabu ya kawaida ni miezi sita, miwili ya dawa nne na minne ya dawa mbili. Uliza alianza lini, kikohozi kiliisha au bado, alikosa siku ngapi. Aliyekatiza muda mrefu apimwe makohozi upya kabla ya kuendelea, kwa sababu usugu huanzia hapo. Kwa wasiojulikana hali zao, uliza maswali manne kila ziara: kikohozi, homa, kutoka jasho usiku, kupungua uzito. Jibu moja la ndiyo linatosha kuomba makohozi.

*Presha, kisukari, kifafa.* Kifafa ndicho kinachosahaulika. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla mtu anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka, na wapo wanaopikia jiko la chini. Mpatie dawa siku hiyo, hata za wiki moja.

17. Mjamzito aliyefika karibu na kujifungua bila kliniki hata moja?

Ziara moja ifanye kazi ya ziara nne: presha, wingi wa damu, VVU na kaswende, malaria, mkojo, pepopunda, vidonge vya damu, na dawa kinga ya malaria kama wiki 13 zimepita na hatumii kotrimoksazoli. Uliza upasuaji wa awali na uangalie kovu mwenyewe. Kovu la kupasuliwa lina maana asijifungulie zahanati. Mpe kadi mkononi na umwonyeshe kwa miguu yake mlango wa wodi ya wazazi. Mtu ambaye hajawahi kuingia lango la hospitali mchana hatalitafuta usiku uchungu ukianza.

18. Halali, anashtuka, kichwa kinauma kila siku. Je, ni ugonjwa wa akili?

Huenda ni huzuni na woga wa kawaida wa mtu aliyepoteza kila kitu, na wengi hupata nafuu wakipata usalama, chakula, habari za ndugu na kazi ya mikono. Mwili ndio husema kwanza: kichwa, mapigo ya moyo, kifua kubana. Wanyarwanda na Warundi wana neno *ihahamuka*, woga wa kukosa pumzi. Ukilitumia utaona sura ya mgonjwa ikilegea.

Unachofanya: tazama mahitaji ya haraka, sikiliza bila kuchimba, muunganishe na msaada. Usimlazimishe asimulie yaliyompata. Kumtoa mtu simulizi lote siku moja na kumwacha nalo usiku haisaidii, tena huweza kumzidishia.

Rufaa iwe ya haraka kama anasema anataka kufa, hali chakula, anaona au kusikia visivyokuwepo, au ameshindwa kumhudumia mtoto. Hospitali ya Mirembe ipo mjini hapa Dodoma, na hilo ni jambo ambalo mikoa mingi haina. Kinachokwamisha ni jina lake, kwa kuwa mtaani "kupelekwa Mirembe" ni tusi. Mweleze mgonjwa na familia kabla hajasikia kwa dereva wa bodaboda.

## Mambo mazito na yasiyo ya kila siku

19. Amebakwa. Saa zinahesabiwaje?

Dawa ya kuzuia VVU ianze ndani ya saa 72, bora ndani ya saa chache, na imezwe siku 28. Dawa ya kuzuia mimba ya dharura ndani ya saa 120, nayo kila saa inapopita nguvu hupungua. Kinga ya magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini na pepopunda ziende sambamba. Baada ya saa hizo bado aje: majeraha, mimba na moyo wake vinahitaji huduma.

PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) inahitajika kwa kesi, lakini aliye hatarini anatibiwa kwanza. Penye kituo cha mkono kwa mkono, daktari, polisi wa dawati la jinsia na ustawi wa jamii hupatikana sehemu moja. Mtu mzima ndiye anayeamua kama anaripoti. Anayeogopa polisi kwa sababu ya kibali chake aambiwe wazi kwamba matibabu hayategemei kuripoti. Kwa mtoto chini ya miaka 18 taarifa ni lazima kwa ustawi wa jamii. Mweleze hilo mapema, usimwahidi siri usiyoweza kuitunza.

20. Nimekuta mtoto asiye na mzazi.

Afisa ustawi wa jamii ajulishwe siku hiyo. Namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure. Usimchukue nyumbani kwako hata kwa huruma, na usimkabidhi kwa "mjomba" aliyejitokeza ghafla. Andika jina, kijiji, majina ya wazazi na mara ya mwisho kuwaona, kwa maneno yake mtoto. Maelezo hayo ndiyo yatakayotumika kumtafutia ndugu zake.

21. Mtoto amezaliwa hapa. Anapata cheti?

Kila uzazi unaotokea nchini unasajiliwa. Tangazo la kizazi linatolewa na kituo, cheti kinatoka RITA, wakala wa serikali wa usajili. Fuatilieni kabla ya siku 90. Cheti hakimfanyi mtoto raia, na mama aambiwe hivyo ili asidanganywe na madalali. Kinathibitisha nani mzazi wake na kazaliwa lini, na bila hicho mtoto anaweza kukua asijulikane kuwa wa nchi yoyote.

22. Ametoka Kongo ana homa na vipele. Nitofautisheje mpox na Ebola?

Huwezi kwa macho, na si kazi yako. Kaa umbali wa mita mbili, mpe barakoa, mtenge kwenye chumba au kivuli, usimpime kwa kumgusa bila kinga, na piga simu kwa mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa halmashauri, au 199. Uliza amesafiri lini, amehudhuria mazishi au kumuuguza nani ndani ya siku 21. Mwambie mgonjwa sababu ya kila hatua huku ukimtazama usoni. Aliyetengwa bila kuelezwa hukimbia kupitia dirishani, na hapo mmempoteza yeye pamoja na orodha ya aliokutana nao.

23. Mwenye nyumba au mjumbe anataka kujua mgonjwa wangu ana nini.

Jibu ni fupi: "Hizo ni habari za matibabu, siwezi kuzitoa." Muuguzi anafungwa na siri kwa maadili ya taaluma. Yanayoruhusiwa kutoka ni yale ya ugonjwa wa kutolewa taarifa, ulinzi wa mtoto (swali la 19) na amri ya mahakama, na yote hayo hupitia kwa mganga mfawidhi, siyo kwako barazani. Hadhi ya ukimbizi usiiandike juu ya jalada la kadi wala kwenye orodha iliyobandikwa ukutani.

24. Anaondoka kesho, anarudi kambini au Burundi. Nimpe nini?

Karatasi moja yenye jina lake, ugonjwa, dawa kwa jina la kemikali na dozi, tarehe ya kuanza, majibu ya vipimo, na simu ya kituo chako. Kwa anayevuka kwenda Burundi au Kongo, majina ya kemikali yanasomeka kote. Mpe dawa za TB au VVU za angalau mwezi mmoja pale kliniki inaporuhusu, chanjo zote zilizofika zamu, na ORS mbili za njiani. Nakala ya karatasi aipige picha kwa simu, ya pili ishonwe ndani ya begi au nguo ya mtoto. Mizigo hupotea stendi. Kama anarudi kambini, piga simu zahanati ya huko kabla basi halijaondoka Nanenane, utaje siku atakayofika na dawa atakayohitaji kwanza.